Mama Vipimo wa Wodi ya Wazazi

Jina lake la kwenye barua ya ajira hakuna aliyelitumia. Wodini walimwita Mama Vipimo, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima.

Alikuwa mhudumu. Alikuwa na ndoo yake, dekio lake, glovu nzito za mpira na aproni ya nailoni iliyomfika magotini. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na yeye ndiye aliyepiga deki chini yake, akabadili mashuka, akaosha mabeseni na kumwaga haja za wale wasioweza kuinuka. Ni kazi ambayo watu wanaokuja kumwona mtoto huipita kama wanavyoupita ukuta. Wanamsalimia muuguzi, wanamshukuru mkunga, kisha wanamwambia mhudumu, "Mama, hebu sogeza ndoo."

Lakini alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wenzake. Hakumwaga mkojo wa mzazi kabla ya kuupima. Alikuwa na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, na humo ndimo alimopitisha kila kitu. Alisoma mstari kwa jicho moja, kama fundi anavyonyoosha ubao, kisha akaandika kwenye kijidaftari: kitanda namba fulani, saa ngapi, kiasi gani.

"Mama Vipimo," wauguzi walimtania, "leo mvua imenyesha milimita ngapi?"

"Kitanda cha tisa mafuriko," alijibu bila kuinua kichwa. "Kitanda cha nne ukame. Na ukame ndio unaoninyima raha."

Walicheka, naye akacheka nao. Hakuwaambia kwa nini.

Miaka ishirini na miwili kabla ya hapo, akiwa binti wa miaka ishirini na moja, alijifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali nyingine. Uchungu ulimshika siku mbili, kichwa cha mtoto kikakwama. Wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni, mwili ukafa kuanzia kiunoni kushuka chini, wakamvuta mtoto kwa chombo. Mtoto alilia, mama akalia, kila mtu akapongezana. Hakuna aliyemwambia kwamba sindano inayoyalaza maumivu huwa inakilaza na kibofu.

"Umekojoa?" muuguzi alimuuliza akiwa anapita.

"Ndiyo," alijibu, na hakusema uongo. Matone yalikuwa yakitoka.

Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba kama la mtu ambaye hajazaa. Mama mkwe wake alilibonyeza, akasema labda kuna pacha aliyesahauliwa. Walipomrudisha hospitali wakamwekea mpira wa mkojo, zilitoka karibu lita mbili. Daktari alimweleza kwamba msuli wa kibofu ulikuwa umevutika kama mpira wa nguo ya ndani iliyozeeka: upo, lakini haukazi.

Miezi mitatu aliishi na mpira, mfuko umefungwa pajani chini ya sketi. Mumewe, fundi seremala, alichonga kigingi akakipigilia chini kabisa ubavuni mwa kitanda, kwa sababu walikuwa wameambiwa mfuko lazima ukae chini kuliko kibofu. "Kama lazima ukae chini," alisema akiunyoosha mrija usipinde, "basi na ukae kwa adabu." Ndivyo alivyokuwa mume yule. Maneno machache, mikono mingi.

Mpira ulipotolewa, shida ikabadili sura. Akikohoa, matone. Akicheka, matone. Akaacha kucheka mbele za watu. Harusi ya dada yake mwenyewe aliikosa akisingizia homa. Ilichukua zaidi ya mwaka wa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, asubuhi na jioni, akihesabu kimoyomoyo huku anakuna nazi au anatia uzi kwenye sindano, mpaka siku moja alipopiga chafya kubwa na nguo ikabaki kavu. Akamwita mumewe kutoka karakana kumpa habari hiyo. Mumewe akaja na msumeno mkononi, akidhani nyumba inaungua.

Basi alipopata kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi, hakuona kwamba ameshuka hadhi kushika mikojo ya watu. Aliona amepelekwa mahali palepale alipotaka kwenda.

Miaka ikapita, hata siku moja hospitali ikaleta jambo jipya. Daktari wa ganzi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alianza kuwawekea wazazi epidurali: kijimrija chembamba kama uzi mgongoni, dawa ikawa inaingia kidogokidogo wakati wote wa leba. Wanawake waliokuwa wakikamata vyuma vya kitanda wakimwita Mungu na mama zao sasa walikuwa wakipiga soga. Mmoja alijifungua huku akimweleza mkunga jinsi ya kusuka nywele mtindo fulani.

Mama Vipimo aliipenda dawa ile. Mwanamke kuteseka bila sababu halikuwa jambo la kujivunia machoni pake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku moja alimkuta daktari wa ganzi akinawa mikono, akamwendea.

"Daktari, samahani. Na kibofu nacho kinalala?"

Daktari akageuka, maji yanachuruzika kwenye viwiko. "Kinalala, mama. Hasikii kwamba kimejaa. Ndiyo maana kule leba wakunga wanautoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache."

"Na akishazaa?"

"Ganzi inaisha yenyewe taratibu."

"Inaisha saa ngapi? Na mpaka iishe, nani anamwangalia?"

Daktari alifikiri. "Hilo ni la wodini kwenu."

Mama Vipimo akauliza wodini. Wodini wakamwambia hayo ni mambo ya leba. Akarudi kwenye dekio lake, akaendelea kusugua sakafu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Haukupita mwezi, mwalimu akaja.

Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua binti saa moja asubuhi kwa epidurali, bila shida. Mpira wa mkojo ulitolewa kabla hajaanza kusukuma. Saa tatu aliletwa wodini, kitanda cha kumi na moja, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Mkunga wa zamu, aliyekuwa na wazazi tisa peke yake, alimuuliza kama amekojoa. Akasema ndiyo. Mkunga akaandika kwenye faili: amekojoa.

Kufika saa saba mchana, Mama Vipimo alikuwa amemwona akienda chooni mara nyingi kuliko alivyopenda. Akamfuata na jagi.

"Mwalimu, safari hii nikojolee humu."

"Mbona nakojoa sana, mama? Kila dakika kumi niko njiani."

"Ndiyo maana nataka nione."

Mililita arobaini. Dakika chache baadaye, thelathini. Halafu hamsini. Mama Vipimo akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo halikuruhusiwa.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Tangu asubuhi kimeingia nini mwilini mwako?"

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Chupa mbili za dripu, nusu lita kila moja. Chupa ya maji ya lita moja. Vikombe viwili vya chai. "Kama lita mbili na nusu hivi."

"Na kilichotoka mbele yangu?"

"Mia moja na ishirini." Tabasamu likapungua. "Hata ukiongeza jasho na zile safari za mwanzo, hesabu haifungi, mama. Nyingine iko wapi?"

"Unasikia haja?"

"Sisikii kitu. Nasikia tu uzito hapa, kama nimebeba jiwe."

Mama Vipimo akaenda kwa mkunga wa zamu. Mkunga alikuwa akimsaidia mzazi mwingine kumnyonyesha mtoto asiyetaka ziwa, simu inaita, mtu anagonga dirisha. "Si anakojoa?" alisema. "Nimeandika mwenyewe." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mmoja mwenye kazi ya watu watatu.

Pale mlangoni, raundi ya mchana ikawa inaingia: daktari wa wodi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na pembeni yake Sista Mkuu, ambaye hata madaktari walikuwa wakimwogopa. Mhudumu hasemi na raundi. Raundi ikipita, mhudumu husogeza ndoo. Mama Vipimo alilijua hilo kwa miaka yote aliyokuwa pale. Akapiga moyo konde, akasimama katikati ya njia na dekio lake.

"Daktari, nisamehe. Kitanda cha kumi na moja kibofu kimejaa."

Daktari akafungua faili. "Hapa imeandikwa amekojoa."

"Imeandikwa amekojoa. Haikuandikwa kiasi gani."

"Mama," Sista Mkuu alisema kwa sauti ya kukata maneno, "rudi kwenye kazi yako."

"Nitarudi, Sista. Daktari, ndoo ikijaa pomoni ukaitikisa, maji yanamwagika. Ukiona sakafu imelowa huwezi kusema ndoo imekuwa tupu. Yule mama hakojoi, anamwagika. Alichomwa ganzi ya mgongo, hasikii chochote. Weka mkono wako tumboni mwake mara moja tu. Kama nimekosea, nifukuzeni kazi leo hii."

Daktari alimtazama juu ya miwani, kisha, badala ya kuanza na kitanda cha kwanza kama ilivyokuwa desturi yake, akaenda moja kwa moja cha kumi na moja.

Aliweka mkono. Akausogeza juu. Akausogeza kulia. Mfuko wa uzazi, ambao saa hizo ulipaswa kuwa umeteremka hadi usawa wa kitovu na kuwa mgumu, ulikuwa umesukumwa juu ya kitovu, umelala upande, laini. Akafunua shuka akaitazama pedi.

"Hii imebadilishwa lini?"

"Sasa hivi tu," alisema mwalimu. "Hata nusu saa haijafika."

Uso wa daktari ukabadilika. "Pazia. Mpira wa mkojo. Haraka."

Mkunga wa zamu akaacha kila kitu. Akanawa, akavaa glovu safi, akasafisha, akaupitisha mpira taratibu huku akimwambia mwalimu avute pumzi ndefu. Mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko wenye alama. Mia tatu. Mia sita. Mia tisa. Daktari alikuwa na mkono mmoja tumboni, akisugua, na chini ya kiganja chake mfuko wa uzazi ukawa unarudi katikati, unashuka, unajikaza. Elfu moja na mia moja. Mkojo ulipokoma kabisa, alama ilisoma elfu moja na mia tatu na hamsini.

Damu ilipungua. Mkunga alibadili pedi, wakasubiri, wakaitazama tena. Ilikuwa na doa dogo tu.

"Jamani," mwalimu alisema, macho ameyafumba, "kumbe nilikuwa nimebeba tangi."

Kicheko kilipasuka nyuma ya pazia, kicheko cha watu walioshika pumzi kwa muda mrefu. Daktari hakucheka. Alinyoosha mkono kwa Mama Vipimo.

"Hilo daftari."

Akampa. Daktari akafungua ukurasa baada ya ukurasa, akisoma zile tarakimu zilizopangwa kwa mwandiko wa darasa la saba. "Umeanza kuandika lini?"

"Hili ni la tano, daktari."

Daktari alilirudisha kwa mikono miwili.

Mpira ulikaa siku mbili, ili msuli uliovutika upumzike. Asubuhi ya siku ya tatu mkunga aliutoa, akaandika saa ileile, akasema, "Tunakupa saa sita. Tunataka mia mbili au zaidi kwa mkupuo mmoja, kisha tutaangalia kwa ultrasaundi kimebaki kiasi gani."

Habari ikaenea kitanda hadi kitanda. Mficha uchi hazai, na katika wodi ile hapakuwa na aliyebaki na cha kuficha. Mzazi wa kitanda cha kumi alikuwa akiuliza kila baada ya muda, "Mwalimu, bado?" Wa kitanda cha kumi na tatu alisema anamwombea. Mwalimu aliyezoea kusimamia mitihani sasa alikuwa ndiye mtahiniwa, na alikuwa na hofu.

"Na kisipoamka?" alimnong'oneza Mama Vipimo.

Ndipo Mama Vipimo, kwa mara ya kwanza ndani ya wodi ile, alisimulia yake. Lita mbili. Mfuko chini ya sketi. Harusi aliyoikosa. Hakusimulia kwa kulalamika, alisimulia kama mtu anayemwonyesha mwenziwe njia aliyokwisha kuipita.

"Changu kiliachwa siku tatu, na bado kiliamka. Chako kiliachwa saa chache. Kitaamka mwalimu, ila usikitishe. Kibofu ni kama mtoto, ukikipigia kelele kinanuna."

Saa ya nne tangu mpira utolewe, mwalimu alisema anasikia kitu. "Nasikia haja," alitamka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Mama Vipimo akampeleka. Akamkalisha vizuri, si kuchuchumaa juujuu, miguu imekanyaga chini, ameinamia mbele kidogo. Akafungua bomba likawa linachuruzika. Akamwambia asisukume. Kisha akatoka akafunga mlango, maana hakuna kibofu kinachofunguka kwa kutazamwa, akasimama nje.

Kimya. Bomba tu. Halafu sauti nyingine, ndefu, isiyokatika.

Mlango ulipofunguliwa, mwalimu alikuwa amelishika jagi kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka. Mama Vipimo akalichukua, akaliinua usawa wa jicho.

"Mia tatu na arobaini!"

Wodi ililipuka. Vigelegele vilitoka kitanda cha kwanza mpaka cha ishirini na nne. Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji alishangilia huku amejishika mshono, akilia, "Msinichekeshe, msinichekeshe!" Mlinzi wa lango alikuja mbio kuuliza kama kuna aliyejifungua mapacha. Ultrasaundi ilionyesha zimebaki mililita thelathini tu. Mkunga wa zamu alimkumbatia Mama Vipimo, glovu, aproni na yote.

Jioni hiyo Sista Mkuu alimwita ofisini. Mama Vipimo aliingia akiwa tayari kwa lolote, maana kusimamisha raundi si jambo dogo. Sista Mkuu alimwonyesha kiti.

"Mimi nina miaka ishirini na sita ya ukunga," alisema. "Miaka ishirini na sita nawauliza wazazi kama wamekojoa. Sikuwahi kuuliza kiasi gani mpaka aliponifundisha mtu niliyemwambia arudi kwenye kazi yake." Akasogeza kiti chake karibu. "Nisamehe, dada."

Hakuwa amewahi kumwita dada. Mama Vipimo hakujua aweke wapi mikono.

"Jumatatu kuna kikao cha idara," Sista Mkuu aliendelea. "Utasema wewe."

"Mimi? Mbele ya madaktari?"

"Ulisema mbele yao ukiwa na dekio. Utashindwa ukiwa umekaa?"

Jumatatu alisema. Alivaa gauni lake la kanisani. Aliwaeleza palipo na mwanya: mpira unatolewa leba, mzazi anakuja wodini, na kati ya mlango na mlango hakuna anayejua saa imeanza kuhesabiwa lini. Daktari wa ganzi alisimama akasema ni kweli, aliulizwa swali hilo na mhudumu huyu karibu na sinki, naye akalirusha kwa wengine. Kikao hakikwisha mpaka karatasi moja imekubaliwa, ya kufungwa kwenye kila kitanda. Saa ya kutolewa mpira. Saa ya mkojo wa kwanza. Kiasi. Saa sita zikipita bila mkojo, au ukiwa chini ya mia mbili, au mzazi akienda matone matone, mkunga anaitwa, na anayemwita anaweza kuwa yeyote, hata mwenye dekio.

Katika miezi minane iliyofuata waliwagundua wazazi sita mapema, na hakuna hata mmoja aliyeondoka na mfuko pajani. Mama Vipimo aliwajua wote kwa namba za vitanda. Uongozi ukampeleka mafunzo ya wiki sita, akarudi na beji mpya: Msaidizi wa Huduma ya Wazazi. Mumewe aliitazama beji ile mezani kwa muda mrefu, akaishika kama anavyoshika ubao mzuri, akasema, "Hii imenyooka."

Mwaka uliofuata walikuja wakunga watatu kutoka hospitali nyingine, wametumwa kujifunza utaratibu ule. Walifika wakiwa na makoti meupe yaliyopigwa pasi. Korido ilikuwa imemwagikiwa chai, na mwanamke mmoja alikuwa ameinama anaikausha.

"Samahani mama," alisema mmoja wao, "tunamtafuta mtaalamu wa kibofu."

"Nipeni dakika moja," alisema Mama Vipimo, akikamua dekio. "Mzazi wa kitanda cha saba yuko njiani, asije akateleza."

Alimaliza, akanawa, akabandika beji. Walimtazama, wakatazamana, kisha yule wa kwanza akatoa kalamu. Akawapeleka kitanda cha saba, ambako mzazi mpya alikuwa anarudi kutoka chooni taratibu, jagi mkononi, anaona haya.

"Usione haya, mwanangu," alisema Mama Vipimo. "Waonyeshe wageni. Wametoka mbali."